Vinland Saga sizoni ya 2: nilifuata vita nikakuta shamba

Niseme mapema, hii anime (katuni ya Kijapani) ya Waviking, sizoni ya 2 mara ya kwanza niliishia episodi ya 4 nikaacha. Ile ya 2019 ilikuwa imenizoesha vita, Thorfinn na visu vyake viwili anamwandama Askeladd aliyemuua baba yake, damu kila mahali, halafu hii ya 2023 nafungua nakuta Thorfinn ni mtumwa kwenye shamba la tajiri Ketil kule Denmark anang'oa visiki. Visiki tu. Nikaona bando linaniishia bure nikarudi kwenye isekai zangu, zile anime za watu wanaohamia dunia nyingine.

Na isekai ndo zimejaa kila kona siku hizi, kijana anagongwa na lori, anazaliwa upya dunia nyingine na tayari ana nguvu za kumpiga kila mtu. Sizichukii, nimeangalia nyingi sana, ila baada ya kumaliza kadhaa nikaanza kuona kitu, levo ya jamaa inapanda lakini mtu mwenyewe ni yule yule wa episodi ya kwanza, hakuna alichojifunza.

Kilichonirudisha ni likizo niliyoenda kwa babu kijijini, tulikuwa tunafungua shamba jipya na kisiki kimoja tu kikatuchukua siku nzima, unachimba pembeni, unakata mizizi, mnavuta, kamba inakatika, kesho tena. Usiku mikono imejaa malengelenge nikamkumbuka Thorfinn na mtumwa mwenzake Einar, nikawasha simu nikaendelea pale pale nilipoachia na safari hii kila kisiki nilikuwa nakisikia kwenye mgongo wangu.

(Kuanzia hapa natoa siri za stori, kama hujaangalia ruka.)

Yaani huyu mtu ametumia miaka 11 kuwaza kisasi, halafu Askeladd anauliwa na mtu mwingine, basi, anabaki mtupu hana hata sababu ya kula. Sasa anapewa msitu aufyeke, alime ngano, akiuza ajinunue awe huru. Wafanyakazi wa pale wanawanyima farasi, mzee Sverkel ndo anawaazima baada ya kumfanyia kazi zake. Ngano inaota. Ile siku wawili hawa wanasimama wanaangalia majani mabichi yametoka ardhini, mimi niliyelima naelewa ile furaha, hakuna mapigano yoyote ya sizoni ya 1 yaliyonigusa vile. Halafu watu wenye wivu wanakuja kuling'oa shamba usiku! Episodi ya 9 sasa, ndoto ya Thorfinn na maiti za wote aliowaua wanamng'ang'ania miguu, hapo anaapa kuacha ukatili na hakuna muziki wa ushindi wala nguvu mpya, ni kijana analia tu.

Kuhusu zile ngumi 100. Anataka kuongea na mfalme Canute, mlinzi anamwambia ukivumilia ngumi 100 utapita, anasimama anapigwa zote harudishi hata moja, na akiulizwa kwa nini anasema hana adui. Mimi kipindi hicho nilikuwa na mtu moyoni, tulifanya biashara pamoja akaondoka na mtaji wetu wote, na karibu miaka miwili kila asubuhi nilikuwa nafungua status zake kuangalia anakula nini, amenunua nini. Baada ya ile episodi nilikaa na simu mkononi muda mrefu nikafuta namba yake. Hela haijarudi, ila asubuhi zangu zimerudi.

Mapungufu yapo. Katikati inavuta, na Olmar mtoto wa Ketil atakuchosha mwanzoni na ile hamu yake ya kuwa shujaa, mvumilie, mwisho yeye ndo anakubali kuitwa mwoga ili watu wasife zaidi na mimi naona hapo alikua kuliko kaka yake mpiganaji. Sehemu za Arnheid, mtumwa wa kike wa Ketil, ni nzito mno, kuna moja nilisimamisha nikatoka nje nikatembea kwanza, usiangalie na watoto.

Manga yake (hadithi ya michoro iliyozaa anime hii) ya Makoto Yukimura ilianza 2005 kwenye jarida la kila wiki la vijana wadogo, mwaka huo huo ikahamia Afternoon linalotoka kila mwezi na ni la watu wazima, nadhani ndo maana ilipata nafasi ya kwenda polepole namna hii. Imeisha Julai 2025, hivyo hutabaki unaning'inia ukitaka kuisoma yote.

Naipa 9 kati ya 10. Ila usianzie sizoni ya 2 hata kama umeshasimuliwa, Thors baba yake Thorfinn anamwambia mwanae kuhusu adui huko nyuma kabisa, Thorfinn akiwa bado mtoto haelewi, na ukiyaruka maneno yale zile ngumi 100 zitakuwa ngumi tu.