Kola za mifereji nimezikata: uzoefu wangu na kichwa kipya cha visu

Mashine yangu ya kupiga moldingi ni mtumba wa Uingereza, ilikuja na kola mbili, yaani pete za chuma zinazovaa kwenye shafti, zenye mifereji. Visu viwili unavipachika katikati ya kola, unakaza nati ya juu, basi. Kinachovishika ni mbano tu. Kimoja kikipungua upana kwa unywele, nati inambana mwenzake, chenyewe kinaelea. Nilikuwa nalijua hilo. Siku moja nikanoa haraka haraka, nikawasha. Kisu kilichomoka, kikapita karibu na bega la kijana wangu wa kazi, kikazama kwenye rundo la mninga. Tulikitoa kwa koleo. Jioni ile ile kola nikazikata kwa grainda, asije mtu akaziokota.

Sasa natumia kichwa cha duara cha aluminiamu, kinachovaa kwenye shafti na kushika visu. Kila kisu kina matundu mawili yanayokaa kwenye pini, kisha kabari inakazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Pini ndizo zinazonilaza usingizi, maana hata mbano ukipungua, kisu hakina pa kukimbilia. Mbele ya kila kisu kuna kipande butu chenye umbo lile lile, yaani kizuizi, na kisu hakikizidi kwa zaidi ya milimita 1.1. Mbao inaumwa kidogo kidogo. Zamani nikikutana na fundo, ubao ulikuwa unanirudia tumboni. Miezi minane hii haijatokea. Mkono ukigusa utakatika ngozi na nyama, hilo halina mjadala, ila hauvutwi ndani kama zamani.

Ukienda dukani, soma ubavuni. Tafuta neno MAN, maana yake unaruhusiwa kusukuma mbao kwa mkono. Kikiandikwa MEC, ni cha mashine inayojilisha yenyewe, kiache. Angalia pia mizunguko ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa dakika. Changu kina kipenyo cha milimita 120, nakiendesha 7,000 kwa dakika, kama mita 44 kwa sekunde ncha ya kisu. Chini ya mita 40 kwa sekunde mbao inarudi, juu ya 70 unacheza na roho.

Kosa langu lilikuwa tundu la katikati ya kichwa, linaloingia shafti. Shafti yangu ni inchi moja na robo, milimita 31.75, nikanunua kichwa cha 30. Muuzaji akanishauri nikalitanue kwa fundi wa lathe! Kitu kinachozunguka kasi hiyo, kikiyumba nani atakishika? Nikarudisha, nauli ikaliwa.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu kila umbo linadai visu na vizuizi vyake, na achitrevu (urembo wa mbao kuzunguka fremu za milango) wanazotaka wateja wangu hapa Keko hazimo kwenye seti. Inabidi ninunue vipande vitupu nichonge mwenyewe, vyote vinne, na vizuizi ndivyo vinavyokula muda kuliko visu.