Pikapu ya dizeli ya kubeba familia na kuvuta boti: tathmini kwa matumizi ya Malindi

Anayetafuta pikapu ya kabini mbili hapa Malindi, kwa nia ya kuwabeba jamaa zake siku za kawaida na kuvuta boti inapobidi, aghalabu huanza kwa kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, na muuzaji humjibu kwa bashasha kwa sababu jibu hilo ni rahisi na linauza. Swali lenyewe lina uzito mdogo kuliko linavyodhaniwa. Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara na Mitsubishi L200, ambazo ndizo tunazoziona kila siku barabarani, zote zina injini za dizeli zinazoweza kuvuta boti ya faiba ya kuvulia sulisuli bila kuhema. Kinachozitofautisha ni uzito unaobaki kwa ajili ya watu tela ikishafungwa, namna kiti cha nyuma kinavyomchukua mtu mzima, na jinsi fremu inavyostahimili chumvi. Katika mji huu chumvi ndiyo inayoliua gari mapema zaidi.

Nianze na uzito, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wanapopotoshwa na karatasi. Matoleo ya karibuni ya pikapu hizi kwa kawaida hutangazwa kuwa na uwezo wa kuvuta kilo 3,500, ingawa baadhi ya L200 zina kiwango cha chini ya hapo. Kiasi hicho ni cha tela yenye breki zake yenyewe. Tela isiyo na breki imewekewa kikomo cha kilo 750 tu, na mwenye boti wa Malindi anapaswa kuisoma namba hiyo mara mbili, maana tela nyingi zinazochomelewa na mafundi wetu ni fremu, ekseli, tairi mbili na taa zilizounganishwa kwa waya. Breki hazimo kabisa. Boti ya futi 20 ikiwa na mashine yake, tangi la mafuta na tela inayoibeba huvuka kilo 750 bila taabu. Gari litaivuta, hilo halina shaka. Taabu huja wakati wa kusimama: lori la mbele likifunga breki ghafla mnapokaribia daraja la Sabaki, tela isiyo na breki huusukuma mkia wa pikapu upande, na hakuna nguvu ya injini itakayomsaidia dereva wakati huo. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ya kadiri afadhali anunue pikapu ya daraja la chini kidogo, kisha tofauti ya bei aipeleke kwenye ekseli yenye breki.

Kuna kikomo kingine ambacho hakiandikwi kwenye matangazo, nacho ni uzito wa gari na tela kwa pamoja. Ranger ya lita 3.2, katika masoko kadhaa ilikouzwa, imepewa kilo 6,000. Ukivuta kilo 3,500 kamili, gari na vyote vilivyomo havipaswi kuzidi kilo 2,500, na gari lenyewe likiwa tupu, la kabini mbili na la magurudumu manne, lina takriban kilo 2,200. Kilo 300 zilizobaki ndizo za dereva, mkewe, watoto, bibi wa watoto, sanduku la barafu na madumu ya mafuta. Isitoshe, ncha ya tela huikandamiza pikapu kwa uzito wa karibu sehemu ya kumi ya uzito wa tela nzima, na mkandamizo huo huhesabiwa katika mzigo wa gari lenyewe. Mtu anayeamini kwamba anaweza kuvuta tani tatu na nusu huku kabini imejaa na karai la nyuma la mizigo limesheheni hajapiga hesabu. Kwa bahati nzuri boti nyingi za hapa, zikiwa juu ya tela, ziko kwenye tani moja na nusu hadi mbili, na kwa uzito huo magari yote matano yanatosha. Ndiyo maana sioni sababu ya kuongeza pesa kwa ajili ya namba ambayo haitatumika.

Kwa nguvu, basi, nitapita haraka. Injini ya Hilux ya lita 2.8, iliyokuja mwaka 2015, ilianza na nyutoni mita 450 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye gia za otomatiki, na mwaka 2020 ikapandishwa hadi 500. Ile ya lita 2.4 hutoa 400 katika matoleo yake yenye nguvu zaidi. D-Max ya lita 3.0 ya kizazi kilichotangulia ilianza na 380, na ya sasa ina 450. Anayevuta boti ya tani moja na nusu kutoka Watamu hadi Malindi hatatambua tofauti yoyote ya maana, isipokuwa anapolipita lori, na mwenye boti nyuma yake hana haraka ya kupita lori.

Gia ndizo zenye neno. Kuirudisha tela kinyumenyume kwenye mchanga hadi majini, kisha kuipandisha ikiwa na boti iliyolowa, ni kazi ya mwendo wa kobe inayomlazimu dereva wa gia za mkono kuining'iniza klachi, na harufu yake ya kuungua hufika hadi kwa waliokaa kivulini. Otomatiki huifanya kazi hiyo kwa upole zaidi, hasa ukiwa umeingiza gia nzito za magurudumu manne. Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba gia za mkono ni rahisi kutengeneza, na wanasema kweli. Hata hivyo, kwa gari ambalo mama na baba wote wanaliendesha na ambalo linashuka ufukweni mara kwa mara, ningechukua otomatiki. Ikumbukwe pia kwamba kwa nyingi ya pikapu hizi magurudumu manne hayaingizwi kwenye lami kavu. Baadhi ya L200 huruhusu hilo, na ni faida ya kweli wakati wa mvua za masika, lami inapopishana na matope kila baada ya kilomita chache.

Sasa chumvi. Pikapu inaposhusha boti, magurudumu ya nyuma huingia majini hadi kwenye beringi, na difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambayo imepata moto kwa safari, hupoa ghafla. Hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta kutoka nje kupitia sili au kipumulio, na kinachovutwa kama gari liko majini ni maji ya bahari. Fundi akifungua nati ya chini miezi kadhaa baadaye, mafuta hutoka yakiwa meupe kama chai ya maziwa. Dawa yake ni nafuu: gari lipumzike kabla ya kurudishwa majini, na kipumulio kirefushwe kwa mpira hadi juu ya karai, kazi ambayo fundi yeyote anaweza kuimaliza asubuhi moja. Anayenunua pikapu iliyokwisha kutumika hapa mwambaoni aombe difu ifunguliwe mbele yake. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Kuosha nako kuna hila yake. Wengi wetu huosha gari kwa maji ya kisima, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo kazi yote ile huiondoa chumvi moja na kuiacha nyingine. Maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho, ndiyo ya kutumia kwa upande wa chini, na yaelekezwe juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya matundu ya fremu, na kwenye vyuma vinavyozishikilia springi, ambako ukoko mweupe hujificha nyuma ya mchanga. Kuosha bodi juu na kuacha chini ni kujifurahisha macho.

Hili linahusu pia mahali gari lilipotoka. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, lakini miaka minane inatosha kwa kutu. Pikapu zinazotoka Uingereza zimepita majira ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na zile za kaskazini mwa Japani vivyo hivyo. Navara za kizazi cha D40, kile kilichotangulia cha mwaka 2014, zilipata sifa mbaya huko Uingereza kwa fremu zilizoliwa na kutu hadi nyingine zikakatika, na hata leo anayeuziwa moja iliyobaki sokoni aingie uvunguni na bisibisi, agonge fremu nyuma ya kabini na juu ya ekseli, na asikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza na kudondosha magamba. Hilux kutoka Thailand, zinazojulikana kwa majina ya Vigo na Revo, hazijaonja theluji, na kwa mtu wa Pwani hiyo ni sababu tosha ya kuzitanguliza.

Kuhusu kiti cha nyuma, ningependa kila mnunuzi aende na mama yake mzazi. Bibi aliyevaa buibui anahitaji ngazi ya pembeni na mkono wa kushikilia nguzoni, na anahitaji mgongo wa kiti usiosimama wima kama benchi la mahakamani. Katika hili Navara ya kizazi kilichoanza mwaka 2014 inazishinda nyingine, kwa kuwa matoleo mengi ya kabini mbili yana springi za koili nyuma mahali pa zile za mabapa, na kwenye barabara ya kwenda Kakuyuni na Langobaya, kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki, abiria wake hawarushwi kama wa Hilux tupu. Raha hiyo ina gharama: matoleo ya mwanzo yalilalamikiwa kwa kuinama nyuma yakipewa mzigo, na mtengenezaji akalazimika kuzibadilisha springi zake. Anayevuta mara chache ataifurahia. Anayevuta kila wiki ataiona imekalia mkia. Joto la kaskazi nalo si la kudharau, maana huo ndio msimu ambao boti hushuka na wageni hufika. Navara hiyo na D-Max ya sasa zina matundu ya hewa baridi kwa waliokaa nyuma, ilhali katika pikapu nyingi za zamani watoto hungoja hewa ya mbele iwafikie ikiwa imekwisha kupoteza ubaridi wake.

Kuna kasoro za injini ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla ya kuambiwa bei. Hilux za zamani za lita 2.5 na 3.0 hutumia mkanda wa taiming, ambao ukikatika huharibu vyuma vya ndani, tofauti na zile za 2.4 na 2.8 zenye mnyororo. Ranger za 2.2 na 3.2 zina pampu ya mafuta inayoweza kupoteza uwezo wa kuvuta ikiwa injini itaachwa tupu kwa muda mrefu wakati wa kubadilisha oili. Fundi akienda kunywa chai huku nati ya chini iko wazi, injini inaweza kuwaka bila oili kupanda. Nimeona gereji ambako jambo hili halijulikani kabisa. Nazo dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi hazipendi safari fupifupi za shule na sokoni. Huko Australia wenye Hilux za 2015 hadi 2020 waliishtaki Toyota mahakamani kwa sababu ya kichujio hicho. Ukiwa na gari la namna hiyo, lipe mwendo wa barabara kuu hadi Kilifi mara kwa mara ili masizi yaungue. Mafuta ya madumu yanayouzwa kando ya njia ya Garsen yaepukwe na wote, kwani nozeli za leo hazivumilii maji wala uchafu.

Kwa gari jipya, chaguo langu ni D-Max ya lita 3.0 yenye otomatiki. Injini yake ina mnyororo, ukubwa wake unaifanya isijikaze inapovuta, na kwa kuwa huunganishwa Nairobi, vipuri vyake hupatikana hadi kwenye maduka madogo, mbali na Barabara ya Kirinyaga, mtaa wa vipuri wa Nairobi. Inanguruma zaidi ya Ranger, na ndani si ya kifahari, lakini sijaona familia iliyoirudisha kwa sababu hiyo. Kwa iliyotumika, ningetafuta Revo ya lita 2.4 kutoka Thailand ambayo fremu yake imepita mtihani wa bisibisi, ingawa jina la Hilux huongeza bei kwa kiasi ambacho wakati mwingine hakina maelezo. Ranger ni gari zuri zaidi kuendesha kuliko zote hizi, nami ningemshauri aichukue yule tu mwenye fundi anayeijua. L200 inawafaa wanaoishi kwenye vichochoro vya Shela ya hapa Malindi, kwa jinsi inavyokata kona. Kabla ya kulipa, omba gari lifungwe tela halisi yenye boti, jamaa wapande wote, kisha lirudishwe nyuma kwenye mteremko wa ufukweni na kupandishwa tena, huku mtu mmoja amesimama pembeni akiangalia mkia umeshuka kiasi gani na kama taa za mbele zimeanza kumulika minazi.