Kikokotoo cha Umbali wa Ndege: Kilomita Sahihi, Saa za Kutilia Shaka

Kikokotoo ninachokitathmini hapa ni kimojawapo cha vile vya mtandaoni vinavyopima umbali kati ya viwanja viwili vya ndege. Ni cha bure, hakikulazimishi kujisajili, na hufunguka upesi hata kwa bando dogo. Ukiandika Entebbe na London Gatwick, safari ambayo Uganda Airlines ilianza kuiruka moja kwa moja mwezi Mei 2025, kinakupa kilomita zipatazo 6,450 na muda wa saa nane na dakika chache. Kuhusu kilomita sina neno, kwa kuwa hufuata njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia.

Muda ndio wenye kasoro. Ukipiga hesabu mwenyewe utaona kwamba umbali umegawanywa kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, kisha ikaongezwa nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu hiyo inaikubali Dubai, iliyo umbali wa kilomita 3,730 hivi, kwani saa tano zinazotajwa zinakaribiana na ratiba. Kwa London mambo ni mengine: njia iliyonyooka kutoka Entebbe hukatiza Darfur, magharibi mwa Sudan, na kuingia Libya, ilhali anga ya Sudan ilifungiwa ndege za abiria vita vilipozuka Aprili 2023, na mashirika mengi huikwepa Libya pia. Rubani huzunguka, mafuta huungua, na saa huongezeka, lakini kikokotoo hakina habari na vita.

Wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla jijini Kampala, wanaofuata bidhaa Guangzhou, China, watakiona hakiwafai kabisa. Wanaambiwa kilomita 9,070 na saa kumi na moja, kana kwamba kuna basi la moja kwa moja, wakati msafiri hubadilisha ndege Addis Ababa au Dubai. Jambo la kushangaza ni kwamba kupitia Dubai huongeza kilomita 500 tu hivi. Kinachokula muda ni kungoja uwanjani, na hilo halionekani popote kwenye ukurasa. (Foleni ya Kampala kwenda Entebbe nayo haimo, ingawa hapo nisingekilaumu.)

Kwa makadirio ya awali, kabla hujazungumza na wakala wa tiketi, ningekipa alama tatu kati ya tano. Nyingine nimezikata kwa sababu ya saa za huko uendako: kinaionyesha London kuwa nyuma yetu kwa saa tatu mwaka mzima, ilhali majira ya kiangazi tofauti hupungua na kuwa saa mbili. Anayepokelewa Gatwick mwezi Julai akimpa mwenyeji wake saa hizo, mwenyeji atafika uwanjani saa nzima kabla ya ndege.