Uzoefu wangu: binti yangu katika sekondari ya kata jirani na mpaka wa Holili

Naishi Moshi mjini, ila binti yangu anasoma sekondari ya serikali upande wa Rombo, si mbali na mpaka wa Holili wa kuingia Kenya. Jina la shule nitalihifadhi, kwa sababu nina malalamiko humu na sitaki walimu wanaojitahidi waje kuhojiwa. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao watoto wao walianza shule Kenya. Najua tuko wengi.

Mama yake alikuwa na biashara Voi, Kenya, kwa hiyo mtoto alisoma huko hadi darasa la nane. Alikuwa kwenye kundi la mwisho kabisa kufanya KCPE, ule mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Tuliporudi nyumbani, shule mbili za mjini zilinizungusha wiki nzima kwa sababu ya zile karatasi za Kenya. Kule mpakani mkuu wa shule alizisoma mara moja tu, akanieleza utaratibu wa kuomba ulinganifu wa matokeo Baraza la Mitihani, akaniambia nilete cheti cha kuzaliwa na barua ya shule alikotoka. Watoto wa namna hii anawapokea kila mwaka. Bibi yake anakaa kijiji hicho hicho, basi tukamwacha huko. Mzazi mwenye shida kama yangu, karatasi zianze kushughulikiwa mapema, usisubiri shule zifunguliwe.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niipende hii shule. Watoto wetu wa shule za msingi za serikali wanasoma kwa Kiswahili miaka yote saba, halafu kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza kila somo. Binti yangu alikuja kinyume chao. Kiingereza anakimeza, lakini mambo ya nchi yake alikuwa hayajui. Kwenye jaribio lake la kwanza la Uraia aliandika kwamba kiongozi wa mkoa ni gavana na huchaguliwa na wananchi, kama ilivyo kwenye kaunti za Kenya. Mwalimu hakumchapa wala kumfanya achekwe mbele ya darasa. Alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Huyo ni wa kaunti. Wetu ni mkuu wa mkoa, huteuliwa na Rais. Njoo ofisini nikueleze." Na kweli alimweleza, akaanza na Azimio la Arusha la 1967 mpaka Muungano.

Halafu akamkalisha dawati moja na binti wa pale kijijini, mtoto wa mama muuza nyanya. Huyu wangu anamsomea mwenzake swali la Kiingereza, mwenzake anamfafanulia kwa Kiswahili. Nimelishika daftari lake la Baiolojia: juu ya neno "photosynthesis" kuna "usanisinuru" kwa penseli, mwandiko si wa binti yangu. Ukurasa mzima uko hivyo. Nilikaa nalo muda mrefu lile daftari. Upimaji wa kidato cha pili wote wawili wamevuka, wangu daraja la pili, mwenzake la tatu, na kwa alikoanzia yule mtoto, mimi naona yeye ndiye aliyepanda mlima mrefu zaidi.

Malalamiko sasa. Kwanza, Fizikia. Karibu mwaka mzima hawakuwa na mwalimu, mpaka wazazi tukachangishana kumlipa kijana wa kujitolea. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, na tunashukuru sana, lakini mzazi asije na matumaini kwamba hatatoa kitu. Mahindi na maharage ya makande unapeleka, na mtoto asiyepelekewa anashinda na njaa huku wenzake wakila. Hilo linaniuma na nimelisema kikaoni.

Pili, siku za soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Jumatano madarasa yanapwaya. Wavulana wanasukuma mizigo, wasichana wanakaa mezani pa mama zao. Mwalimu wa zamu anaita majina asubuhi na tena baada ya chakula, kwa sababu kuna wanaotoroka saa nne na kupita njia za panya. Uongozi unahangaika kwa kweli, umewaita wazazi, umewapigia simu. Ila mama anayelisha watoto wanne kwa biashara ya siku mbili kwa wiki utamwambia nini? Mimi ningeomba mazoezi ya Jumatano yarudiwe Alhamisi, kuliko kumpa mtoto sifuri.

Tatu, bweni la wasichana halipo. Wangu ana bibi. Wapo wanaotembea zaidi ya saa moja, gizani, kwenye barabara ya malori na bodaboda. Kama huna ndugu wa karibu pale, binti yako usimpeleke mpaka bweni lijengwe. Nasema hivi ingawa shule naipenda.

Maji wanayapata kwa shida kipindi cha kiangazi, kila mwanafunzi anakwenda na kidumu cha lita tano. Vyoo ni safi. Maabara ipo, kemikali ni chache.

Mdogo wake binti yangu yuko darasa la sita huku mjini. Wikiendi iliyopita nilipanda hiace ya Himo, nikaunganisha hadi Holili kumpelekea dada yake daftari na sabuni, nikamuomba bibi aanze kutafuta kitanda cha pili.