Priamplifaya ya Valvu kwa Santuri: Uliza Pikofaradi Kabla ya Bei

Mwaka jana nilinunua priamplifaya ya valvu, kisanduku kinachokuza sauti dhaifu ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa sababu ya mwanga wake, na sioni haya kusema. Pichani valvu mbili, zile chupa za kioo za redio za zamani, zinawaka rangi ya chungwa, nikaikumbuka redio ya babu iliyokuwa haisemi mpaka ipate moto, nikatuma pesa. Kilipofika Mombasa nikakuta mwanga wenyewe mwingi unatoka kwenye kitaa kilichofichwa chini ya valvu. Hilo ningesamehe. Nisilosamehe ni herufi "s". Niliweka santuri ya taarabu ya lebo ya Mzuri, ya papa hapa Mombasa, na kila mwimbaji alipofika kwenye "s" ilitoka kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta moto. Muuzaji akaniambia niipe saa mia, valvu zizoee. Zilizoea, mie sikuzoea.

Sitawachosha na desibeli 40 za kukuza sauti wala kilo-omu 47 za ukinzani, kwa sababu karibu kila kisanduku cha katriji ya MM (kichwa cha sindano chenye sumaku inayosogea) kinavyo. Shida yangu ilikuwa kapasitansi, yaani uwezo wa waya na vifaa kushika chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi, na muuzaji wa kuitaja sijamwona bado.

Ndani ya katriji ya sumaku mna koili. Koili hiyo ikikutana na kapasitansi ya waya na ya priamplifaya, sauti za juu huota mlima, yaani huinuka kupita nyingine, na pikofaradi zikizidi, mlima huteremka. Natumia Audio-Technica VM95E: koili yake ni milihenri 550, na kiwanda kinataka pikofaradi 100 hadi 200. Kwa 150, mlima hukaa karibu na hezi 17,500, mahali ambapo masikio yangu hayafiki siku hizi. Kwa 400, huteremka mpaka karibu 10,700, na hapo kila "s" inaupanda.

Hizo 400 zilitoka wapi? Kisanduku kimeandikwa 100. Waya wangu mrefu uliongeza kama 150, na nyaya za ndani ya mkono wa gramafoni kama 50. Zilizobaki ni za valvu yenyewe. Aina yake, 12AX7, ambayo Wazungu wa Ulaya huiita ECC83, ina pikofaradi 1.6 hivi kati ya gridi (inakoingilia sauti) na anodi (inakotokea), lakini ikikuza mara 60, hizo 1.6 huonekana kwa katriji kama 100. Mmarekani John Milton Miller alishalieleza jambo hili mwaka 1920. Miaka mia na ushei, na watengenezaji wengi bado wanakuandikia thamani ya kapasita, kile kijisehemu cha kapasitansi, waliyoiunga tu, ya valvu wanakuachia ugundue mwenyewe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Pro-Ject Tube Box, ya Austria, na naipendelea waziwazi. Ina swichi za kuchagua kapasitansi, basi. Inacheza MM na MC (katriji ambayo koili ndiyo inayosogea), valvu zake ni mbili tu, na ukibadilisha katriji huhitaji kumwita fundi. Wapo wanaosema haina "joto" la kutosha. Wanaotaka joto wahamie huku kwetu mwezi wa Februari.

Namba mbili, EAR 834P, kazi ya Tim de Paravicini wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2020. ECC83 tatu, sauti pana na tulivu, bei ya kukutoa jasho. Swichi ya kapasitansi haina, kwa hiyo ipe waya mfupi kabisa. Nakala zake za Kichina ni tele. Kabla ya kulipa omba picha ya ndani.

Bellari VP130, kisanduku chekundu cha valvu moja kutoka Utah, ni ya tatu. Ukiipata ya mtumba kutoka Marekani, tazama adapta: kule stima ni volti 120, hapa 240.

Fosi Box X2 ni rahisi na inafanya kazi. Tuendelee.

Kama umeshanunua kama mie, anza na waya. Nilikata wangu ukabaki nusu mita, na gramafoni nikaisogeza jirani na kisanduku. Kisha fundi akaitoa ile kapasita ya 100 iliyo pale sauti inapoingia kwenye kisanduku. Kazi hiyo mwachieni fundi: ndani ya visanduku vingi vya valvu mna volti mia mbili na zaidi, na hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mwisho nikabadilisha 12AX7 kwa 5751, ambayo uwezo wake wa juu wa kukuza ni mara 70 badala ya 100 (ndani ya saketi huwa pungufu), hivyo nayo hupunguza pikofaradi. Sauti inashuka kidogo. Ongeza kwenye amplifaya.

Na hapo kwenye valvu ndipo nilipoibiwa mara ya pili. Niliuziwa "Mullard ya miaka ya sitini, ya Blackburn", yaani valvu ya zamani ya kiwanda cha Uingereza, kwa pesa ambazo mume wangu hadi leo hazijui. Jina la Mullard siku hizi hupigwa kwenye valvu mpya zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Si mbaya hata kidogo, lakini yangu ilikuja na boksi lililozeeshwa kwa chai. Nililinusa. Chai, tena ya tangawizi.