Vipuri vya gari la spoti: kipi ununue ukiwa safarini nje ya nchi, kipi ukiache dukani

Vipuri vya gari la spoti ni vizito, vina maumbo ya ajabu, na ukishapanda ndege huwezi tena kuvirudisha dukani. Ndiyo maana hatukupanga orodha hii kwa ukubwa wa jina la chapa wala kwa punguzo la bei. Tumepanga kwa maswali mawili. Je, unaweza kuhakikisha palepale kaunta kwamba kitu kinaingia kwenye gari lako? Na je, kitafika nyumbani bila kukutoa jasho uwanja wa ndege? Kinachopita maswali yote mawili kiko juu. Kinachofeli yote kiko mkiani, hata kikiuzwa nusu bei.

Maandalizi yanaanzia kwenye gari lenyewe. Piga picha kibati cha chesisi, kisha andika namba ya chesisi, msimbo wa modeli, mwaka na mwezi wa kutengenezwa, na misimbo ya injini na giaboksi. Kwenye begi weka venia ya plastiki (kifaa cha kupimia milimita), futi ya utepe, tochi ndogo, sumaku na mizani ya kuning'iniza mizigo. Mizani hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani.

Namba 1: vipuri halisi vidogo vyenye namba ya kiwandani

Sili, bushi, swichi, klipu za bodi, mipira ya milango, nembo. Havina mvuto wa kupiga picha, lakini ndivyo vinavyofanya gari la zamani liendelee kuishi, na katika nchi lilikotengenezwa mara nyingi bado vinapatikana kwa wakala. Tafuta namba ya kila kipuri kwenye katalogi ukiwa bado nyumbani, kwa kutumia namba ya chesisi. Wakala akikupa kipuri chenye namba tofauti, mwombe akuonyeshe kwenye mfumo wake kwamba namba ya zamani imebadilishwa na hiyo mpya. Asipoweza, usilipe.

Nenda dukani siku ya kwanza ya safari, si ya mwisho. Vipuri hivi mara nyingi havikai rafuni. Vinaagizwa kutoka ghala kuu na huchukua siku kadhaa. Vya mpira vibonyeze kwa kidole kabla ya kulipa, kwa sababu mpira uliokaa stoo miaka mingi hukauka na kupasuka hata kama haujawahi kufungwa kwenye gari.

Namba 2: usukani, nobu ya gia na geji

Ni vyepesi na vipimo vyake ni vichache. Usukani wa spoti wenye matundu sita huja kwa duara za aina mbili: milimita 70, ambayo ndiyo ya Momo, Sparco na OMP, na milimita 74 ya Nardi na Personal. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama upande wa pili. Kiungo cha kuufunga kwenye shafti ni cha modeli ya gari lako, kwa hiyo kinunuliwe pamoja nao.

Kwa nobu, yaani kichwa cha fimbo ya gia, tazama nyuzi: Honda hutumia M10x1.5 (kipenyo cha milimita 10, na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), Mazda na Nissan M10x1.25, Toyota na Subaru M12x1.25. Nobu ya M10x1.25 ukiilazimisha kwenye fimbo ya M10x1.5 itaingia mizunguko miwili hivi, kisha itang'oa nyuzi.

Usukani wa kiwandani wenye mfuko wa hewa ni habari nyingine kabisa. Mfuko ule una kilipuzi, unahesabiwa bidhaa hatari katika usafiri wa anga, na hauruhusiwi kwenye begi la abiria. Mikanda ya siti yenye kifaa cha kujikaza kwa kulipuka iko kundi hilohilo.

Namba 3: rimu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kosa la milimita chache linatosha kukuachia vyuma vinne visivyo na kazi. Kwanza, usikisie kwa jina la gari. Mazda MX-5 za vizazi vya NA, NB na ND zina nati nne kwenye duara la milimita 100, lakini kizazi cha NC kilicho katikati yao kina tano kwenye 114.3. Subaru Impreza WRX STI ilihama kutoka 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100) kwenda 5x114.3 kuanzia modeli ya 2005.

Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko habu (kitovu cha gari kinachoingia katikati ya rimu), ringi ya kujazia inamaliza tatizo. Likiwa dogo, kazi inahamia kwenye mashine ya kuchonga, na hapo ni bora uiache. Habu nyingi za Subaru ni milimita 56.1, Honda za 5x114.3 ni 64.1.

Upana na ofseti (umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu) vihesabu pamoja. Tuseme gari lina rimu ya inchi 7 yenye ofseti +45, na dukani unaona ya inchi 8 yenye +35. Inchi moja iliyoongezeka inagawanyika milimita 12.7 kila upande. Tofauti ya ofseti ni milimita 10 kuelekea nje. Kwa hiyo ukingo wa nje utasogea nje milimita 22.7, na wa ndani utasogelea shokomzoba kwa 2.7 tu. Ukishapima nafasi kati ya tairi na fenda nyumbani, jibu unalipata hapohapo dukani.

Kama gari lina breki kubwa zilizofungwa badala ya za kiwandani, watengenezaji wengi wa breki hizo hutoa mchoro wa kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski) kwa ukubwa halisi. Uchapishe, uukate, uukunje kwenye pasipoti. Ukiuweka ndani ya rimu na ukagusa spoku, rimu hiyo si yako.

Rimu iliyotumika ilaze chini, tochi mkononi, uangalie upande wa ndani nyuma ya kila spoku. Nyufa huanzia huko. Rangi mpya upande wa ndani tu ni dalili ya kulehemu, na rimu ya aloi iliyolehemiwa tunakushauri uikatae bila mjadala. Angalia pia matundu ya nati: yakiwa yamevutika kama yai, ilishaendeshwa ikiwa imelegea. Rimu za Japani hubeba alama ya JWL, kiwango cha nchi hiyo cha rimu za aloi. Alama peke yake inaweza kughushiwa, kwa hiyo hapo ndipo mizani inapofanya kazi: rimu ya kufuliwa (aloi iliyogandamizwa, si ya kumiminwa kwenye kalibu) hutangazwa na mtengenezaji kwa uzito wake. Ikizidi kwa kilo moja au mbili, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa ndege. Mashirika mengi huweka ukomo wa sentimita 158 kwa jumla ya urefu, upana na kimo, na kilo 23 kwa begi la daraja la kawaida. Rimu mbili za inchi 17 kwa 9 zikigandanishwa zina kipenyo cha kama sentimita 47 na kimo cha kama 51. Jumla ni 145, inabaki nafasi ya kadibodi. Za inchi 18 kwa 9.5 zinafika kama 152, yaani zinaingia kwa shida. Mwambie muuzaji atoe matairi, weka nguo kati ya nyuso mbili, linda kingo kwa sponji ya kufunikia mabomba, kisha funga kwa mkanda.

Namba 4: breki

Pedi ni rahisi kubeba, ila linganisha umbo la bamba la nyuma na picha ya pedi yako ya zamani pamoja na vipimo vya venia, kwani kalipa za gari moja hubadilika kati ya madaraja ya modeli. Pedi za barabarani za Ulaya hubeba alama ya E yenye namba na maandishi 90R, yaani zimeidhinishwa kwa barabara. Za mashindano mara nyingi hazina, na zikiwa baridi hazishiki vizuri. Kwa gari la kwenda kazini hazifai. Diski ni nzito mno kwa faida yake. Mafuta ya breki nunua nyumbani.

Namba 5: tabo na kompyuta ya injini

Tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) iliyotumika ishike shafti: ikicheza kidogo kwenda juu na chini wakati haina oili, ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokisikia mkononi, beringi imekwisha. Mapanga ya feni yakiwa yameng'oka ncha, achana nayo. Mwaga oili yote kabla ya kuifunga.

Kompyuta ya gari la soko la Japani inaweza kuwa imepangwa kwa petroli bora ya huko, ambayo ni oktani 98 hadi 100. Ukiitumia kwa oktani 91 injini inaanza kugonga, na pistoni hazisamehe.

Namba 6: shokomzoba na siti

Shokomzoba za gesi zina shinikizo ndani, na kaunta ya mizigo inaweza kuzikataa. Zitume kwa mzigo na muuzaji aandike tamko lake. Siti ya ganda, yaani ya mashindano iliyo kipande kimoja kigumu, inazidi vipimo vya begi. Ukiitaka, kagua nyufa kuzunguka matundu ya bolti za pembeni na usome lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari. Kiwango cha 8855-1999 kinadumu miaka 5 tu tangu kutengenezwa, kwa hiyo siti ya zamani inafaa barabarani lakini si kwenye mashindano.

Mkiani

Pampu za mafuta, injekta, kabureta na tangi zilizotumika hazipandi ndege ya abiria kwa sababu ya mvuke wa petroli. Taa za mbele za nchi inayoendesha upande mwingine wa barabara zitawamulika machoni wanaokuja. Manifoldi ya ekzosi ya gari la usukani wa kulia inaweza kugongana na shafti ya usukani wa kushoto.

Risiti ikae nawe, si ndani ya begi. Umoja wa Ulaya hurudisha kodi kwa mgeni kama bidhaa inatoka ndani ya miezi mitatu baada ya mwezi wa ununuzi, na forodha lazima wathibitishe, na wanaweza kutaka kuona mzigo, kwa hiyo pita kwao kabla ya kukabidhi rimu. England, Scotland na Wales zilifuta marejesho hayo 2021, ila duka linaweza kutuma mzigo nje ya nchi bila kodi. Japani inabadili utaratibu kuanzia Novemba 1, 2026: utalipa kodi dukani na kurudishiwa baadaye.

Injini nzima, giaboksi na boneti za kaboni ni mzigo wa meli. Zikija kwenye kreti ya mbao, ihakikishe ina muhuri wa ISPM 15 (kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za vifungashio dhidi ya wadudu) kabla haijafungwa, kwa sababu mbao isiyotibiwa inaweza kuzuiwa bandarini pamoja na kilichomo.