Michoro ya Sol LeWitt Ndani ya Kiwanda cha Zamani: Tathmini ya Jengo Namba 7, MASS MoCA

Kati ya kumbi zinazoonyesha uchoraji dhahania wa kijiometri, yaani wa mistari na maumbo badala ya sura za vitu, sijui nyingine inayoufaa uchoraji huo kuliko Jengo Namba 7 la makumbusho ya MASS MoCA, mjini North Adams, Marekani. Humo, katika sakafu tatu, imo michoro 105 ya ukutani ya msanii wa Marekani Sol LeWitt, na onyesho hilo lililofunguliwa mwaka 2008 limepangwa kudumu hadi 2043.

Eneo hilo lilikuwa kiwanda cha kupiga chapa vitambaa, kisha kuanzia 1942 kampuni ya Sprague Electric ikatengenezea hapo vifaa vya umeme hadi ilipofunga shughuli zake mwaka 1985. Historia hiyo ina uzito, kwa kuwa LeWitt naye alifuata utaratibu ulio karibu sana na ule wa kiwandani: yeye aliandika maelekezo, wengine wakashika penseli na brashi. Wasanii na wanafunzi wapatao 65 walifanya kazi hii kwa karibu miezi sita, kwa mpangilio aliouacha mwenyewe, maana alifariki mwaka 2007 bila kuwahi kuiona.

Mchoro ulionigusa kuliko yote ni namba 51, wa mwaka 1970. Agizo lake ni fupi: nukta zote za usanifu wa ukuta, kama pembe za milango na madirisha, ziunganishwe kwa mistari iliyonyooka. Mistari hiyo hupigwa kwa uzi uliopakwa unga wa chaki ya buluu, ukavutwa hadi ukakaza, kisha ukaachiwa, vilevile mafundi ujenzi wanavyopiga mstari kabla ya kuanza kazi. Ukiusogelea, unaona chembe za unga zilizoruka kandokando ya mstari, na unatambua kuwa pembe ya mlango, ambayo kwa kawaida hakuna anayeitazama, ndiyo iliyoamua umbo la mchoro mzima. Ukihamishiwa ukuta mwingine, agizo lilelile litazaa mchoro tofauti kabisa.

Sakafu ya juu, yenye rangi kali za akriliki, huvuta macho haraka, na wageni wengi huonekana kuipenda zaidi. Kwa maoni yangu, nguvu kubwa iko chini, kwenye mistari ya penseli ya miaka ya mwanzo, ambayo kwa mbali ni kijivu tupu na kwa karibu ni maelfu ya mikwaruzo iliyopimwa kwa subira. Ningeshauri kuanzia huko, tena mchana, wakati mwanga wa madirisha ya kiwanda unapofika ukutani.